Makala Yangu ya Ukurasa wa Sita

Jumatatu, 3 Machi
Dada ameacha vidonge vya presha! Sababu: gazeti. Ukurasa wa sita, "Mtafiti Agundua Siri ya Mizizi", na chupa ya sharubati pichani. Nimemweleza polepole, kama nilivyofundisha baiolojia miaka thelathini na moja: hilo ni tangazo lililovalishwa nguo za habari. Neno "tangazo" lipo, chini kabisa, herufi ndogo kama mayai ya chawa. Akasema tangazo huwa na mwanamke anayecheka. Hii ina aya. Tena, akauliza, mimi ni nani hata nibishane na gazeti? Nimeondoka bila kuaga.

Jumanne, 4 Machi
Kwa mhariri. Nilimfundisha mwenyewe, alikuwa akinakili hata makosa ya jirani. Nimefoka. Akanipa kiti na shikamoo mbili, akasema wenye sharubati ndio wanaolisha gazeti. Mshenzi!
Njiani nikapata wazo. Dada haniamini mimi, anaamini gazeti. Basi nitakuwa gazeti.

Jumatano, 5 Machi
Nimeandika: "Bingwa Afichua: Vidonge vya Presha Havina Mpinzani." Bingwa ni mimi. Utafiti nimeutunga. Ni uongo, ndiyo, lakini uongo unaosema kweli. Tofauti hiyo naweza kuieleza saa nzima. Mhariri ameipokea kwa mikono miwili, akaomba na picha yangu. Kumbe kijana ana adabu.

Ijumaa, 7 Machi
Imetoka! Kila neno langu lipo. Ila kuna aya ya mwisho ambayo sikuiandika: wagonjwa wenye akili, asema Bingwa, sasa wameachana na usumbufu wa vidonge na kuhamia sharubati ya mizizi. Kando ya uso wangu, chupa! Nimelichana gazeti. Nikanunua lingine, nihakikishe. Mhariri hapokei simu.
Dada kapiga, anacheka. Kumbe mdogo wake ni bingwa na alikuwa akimficha! Vidonge vilivyobaki kavitupa chooni.

Jumamosi, 8 Machi
Dada kaanguka jikoni. Hospitali. Presha iko juu mno. Daktari kamwambia arudie vidonge leo hii. Dada akamuuliza yeye amewahi kuandikwa kwenye gazeti gani.
Nimekaa kwenye benchi la korido, hasira mpaka kalamu inatoboa karatasi. Lakini kosa nimeligundua. Makala ilikuwa fupi, ndiyo maana wakapata nafasi ya kuchomeka aya. Jumatatu nampelekea mhariri nyingine, ndefu, ijaze ukurasa mzima.