Naomba Niwe Mkubwa wa Masika

Ndosho, Jumapili jioni

Kwako Papa Émile, mdogo wa marehemu baba yetu na muzee wa familia,

Pokea salamu zangu za heshima. Mimi binti yako Kahambu ninaomba jambo dogo tu: unitoe kwenye jina la binti wa nne, unipe lile la binti wa kwanza, ambalo dada yangu Masika amelikalia maisha yake yote. Najua kwetu Wanande jina linafuata zamu ya kuzaliwa. Lakini sikiliza sababu kwanza.

1. Masika alinibeba mgongoni nikiwa mchanga, na mpaka leo hajanishusha. Anakuja kwenye meza yangu ya vitambaa vya vikwembe kule sokoni Birere, anawaambia wateja kwamba nilimkojolea kanisani. Papa, nina watoto wanne na ninavaa miwani.

2. Akiingia kwangu hasalimii, anafunua sufuria. Anatia chumvi kwenye sombe yangu ya majani ya muhogo bila kuonja. Linaloniuma zaidi ni kwamba inakuwa tamu. Siku hizi mume wangu Olivier, kabla ya kunawa mikono, anauliza kama dada amepita.

3. Mwaka ule volkano ilipotukimbiza mpaka Sake, yeye alibeba wanangu wawili na godoro. Mimi nilibeba telekomande. Televisheni niliiacha ukutani. Hakuna arusi ambapo hajaisimulia habari hiyo, na mimi nacheka pamoja na wengine, kwa sababu ni kweli.

4. Hili sasa ndilo limenishikisha kalamu. Bwana yake amepata kazi ya samaki kule Vitshumbi, na wanahama wiki ijayo. Anaondoka na ukubwa wake wote. Sisi tunaobaki Goma tutagombezwa na nani? Kwa hiyo aende, lakini jina aliache kwangu. Chumvi nitajifunza.

Nakusihi uamue kabla hawajapakia vitu. Unisalimie mama Élisabeth, watoto wote hapo nyumbani, na yule mbuzi wenu anayekula sabuni.

Ni mimi binti yako mtiifu, anayengoja kuwa wa kwanza,

Kahambu

N.B. Papa, huo ukubwa nipe hata kwa siku moja. Mkubwa akisema, mdogo anatii: nitamwamuru Masika asiende, halafu nitamrudishia jina lake, maana mimi siliwezi. Kama haiwezekani, basi mwambie wewe. Mimi nilimwambia jana. Akatia chumvi kwenye mboga yangu, akarudi kwake kufunga mizigo.