Mkanda wa Kusawazisha Homoni

Mtaani walimwita Bingwa, ingawa hakuna aliyekumbuka alikuwa bingwa wa nini. Siku wazo lile lilipomjia alikuwa kwenye foleni ya duka la dawa, mkono kiunoni, akisubiri vidonge vya mgongo. Mgongo ulikuwa umemtesa miaka, na kila picha ya mifupa aliyopigwa ilitoka safi. Mama aliyekuwa mbele yake alikuwa na kesi hiyohiyo.

"Mifupa yako haina tatizo," muuza dawa alimwambia yule mama. "Huenda ni homoni. Kapime damu."

Mama akaitikia kwa heshima, kama aliyetajiwa jina la waziri. Hapo Bingwa akaiona riziki. Homoni kila mtu anazo, hakuna aliyewahi kuziona, na hakuna wa kubishana nawe zikoje. Mtu mwenye akili timamu angekwenda kupima damu. Bingwa alikwenda kutafuta chumba.

Alikipata juu ya duka la magodoro. Akanunua mikanda ya wabeba mizigo, akaipachika vifungo vya kung'aa, akaiita ya kusawazisha homoni, akavaa koti jeupe lililowahi kuwa la muuza nyama. Maswali yake hayakukosea mtu. "Asubuhi unaamka umechoka? Unasikia baridi kuliko wenzako? Unasahau ulipoweka funguo?" Nani angesema hapana? Wateja walishuka ngazi wamenyooka kweli, kwa kuwa mkanda haukuwapa nafasi ya kupinda.

"Mbona wewe huvai?" mkewe alimuuliza jioni moja, akimtazama anavyovua kiatu kwa kukisukuma na mguu wa pili.

"Mgongo wangu unauma kweli," Bingwa alijibu.

Ndipo akapanda mama mmoja mnene, mtaratibu, mwenye mkoba mkubwa begani. Alimtazama Bingwa kabla hajaulizwa lolote.

"Mwanangu, nimefuata mkanda, lakini naona mgonjwa ni wewe. Umekaa upande. Asubuhi unaamka umechoka?"

"Kuliko nilivyolala, mama."

"Na baridi?"

"Hata jua likiwaka."

"Funguo je?"

Machozi yakamlengalenga. Yalikuwa maswali yake mwenyewe, neno kwa neno, lakini hakuna aliyewahi kumuuliza kwa upole namna ile. Akisimulia baadaye, alisema kama kuna shule ya wajinga, siku hiyo yeye alistahili ukiranja.

Mama alimvua koti na viatu, akamtoa simu na mapato mfukoni maana "vitu vizito vinavuruga homoni," akamlaza kifudifudi kwenye godoro la wagonjwa na kumfunga macho kwa kitambaa chenye joto.

"Usitikisike, mwanangu. Homoni zikishtuka tutaanza upya. Zikitulia utazisikia zinashuka miguuni."

Bingwa akasikia vitu vikiburutwa. "Mama, nini hicho?"

"Nazipisha njia."

Ngazi zikalia, kisha kimya. Na kweli, baada ya muda kitu kikaanza kushuka miguuni. Ilikuwa ganzi.

Mwenye duka la magodoro ndiye aliyepanda kuuliza. "Bingwa, yule mama kashuka na mikanda yote. Mnahama?"

"Sema polepole," Bingwa alinong'ona, uso godoroni. "Zitashtuka."

Kitambaa kilipotoka, chumba kilikuwa kitupu. Alitaka kuruka amkimbilie, mgongo ukakataa. Mwenye duka na vijana wake wakamshusha na godoro lake kama kabati, pekupeku, wateja wawili wakitazama kutoka ng'ambo ya barabara, wote wamenyooka.

Mkewe akampeleka hospitali. Safari hii walichukua damu, na majibu yalipotoka daktari akavuta kiti.

"Tezi yako ya shingoni imezembea. Hiyo ndiyo inayokuchosha na kukutia baridi, na inakaza misuli, jambo linaloweza kuchangia maumivu ya mgongo. Sisemi ndiyo sababu yote, tutaendelea kuchunguza. Lakini homoni zako haziko sawa."

Bingwa akacheka mpaka kiuno kikamkata.

"Nimesema nini?" daktari akauliza.

"Msamehe, daktari," mke akasema. "Hayo maneno yeye alikuwa anayauza."

Akaandikiwa vidonge. Bingwa aliuliza mara tatu kama ni vya kweli, akamkagua daktari koti, akakagua na viatu. Mwishowe, mkewe akimshikia glasi ya maji, akameza kidonge cha kwanza kwa uso wa mtu anayejua kabisa kwamba anaibiwa.