Pua Inawasha, Mkwe Anakuja Jumamosi

Jumanne, 9 Septemba
Dodoma nzima haijawahi kulaza mgonjwa mzuri kama mimi, Hanifu. Madaktari wawili wamesimama kulitazama paja langu, wakatikisa vichwa. Wivu tu. Jana nilitiwa chuma, baada ya kuanguka na pikipiki kule Mkonze nikiwaonyesha watu inavyoendeshwa bila mikono. Napewa mofini. Maumivu kwisha. Ila pua inawasha! Na shingo. Na kifua.
Jumamosi Mzee Shaibu, baba yake Yusra, anakuja kunitazama kama nafaa kuoa. Anauza vitambaa. Mchumba wa kwanza wa Yusra alimfukuza kwa sababu kijana alijikuna dukani, akasema ana upele. Kwa hiyo mimi sijikuni.

Jumatano, 10 Septemba
Nesi Evarista kauliza kama nawashwa. Nikasema hapana, shikamoo. Maana Octavian wa kitanda cha pili, mwanachuo aliyevunjika mkono, anadai ukiilalamikia dawa wanakunyang'anya, unabaki na panadol. Panadol! Na chuma pajani!
Chanzo nimekigundua mwenyewe. Kunguni. Octavian kawaleta kutoka hosteli. Shule niliiacha kidato cha pili, akili nikaondoka nayo.

Alhamisi, 11 Septemba
Nimemshtaki Octavian. Magodoro yote sita yakatolewa juani, mimi nikawekwa kwenye machela. Kunguni hakuonekana hata mmoja. Imeonekana chapati ya Octavian iliyopotea jana, chini ya godoro langu. Octavian kasema Hanifu bwana, kumbe kunguni mwenyewe ni wewe. Wodi nzima imecheka. Wagonjwa gani hawa!
Nesi kanikazia macho puani, kauliza tena. Nikasema ni vumbi la Dodoma.

Jumamosi, 13 Septemba
Dada yangu Sikudhani kaniletea vidonge vya mafua, eti huzima na muwasho, nilimwagiza kwa siri. Kasema nimeze kimoja. Nimemeza vitatu, kwa mwili huu. Mzee anafika saa kumi. Nimevaa kofia, nimejipaka manukato. Saa tisa na nusu: muwasho uko palepale. Ila macho mazito. Nifumbe kidogo tu.

Jumapili, 14 Septemba
Nimeamka leo asubuhi.
Nesi Evarista kanifokea. Kasema vidonge vile vikikutana na mofini vinaweza kumkata mtu pumzi, wamenilinda kama mtoto mchanga. Na kwamba si kunguni wala upele: mofini yenyewe ndiyo huwasha, inawapata wengi, ningesema mapema wangepunguza dozi au wangebadilisha dawa. Wamebadilisha. Kufika adhuhuri pua kimya.
Yusra kapiga simu. Baba yake kasema mkwe gani anamkoromea mgeni kama jenereta, salamu hakuna. Kakaa saa nzima anapiga soga na Octavian, kampa na kazi dukani mkono ukipona. Mimi nisubiri hadi baada ya Ramadhani, ndipo atafikiria.
Haya, naandika humu tu, hasomi mtu. Kosa si la Octavian. Niliulizwa, nikadanganya. Nikaulizwa tena, nikadanganya tena.
Jioni hii nesi kapita, kauliza kama napata choo. Dawa hizi, kasema, hufunga tumbo. Tangu Jumatatu sijapata, tumbo limekaza kama ngoma.
Nikamwambia kila asubuhi, bila shida yoyote.