Natafuta Mtu wa Kunikataza

Jumatatu, 4 Machi
Nimekubaliwa! Uzamili wa falsafa! Nilirukaruka kazini, masijala, mpaka mafaili yakaporomoka. Kisha nikasoma aya ya pili: ufadhili hakuna. Nijibu kabla ya Ijumaa saa kumi. Nikienda, nitarudi na cheti na njaa. Nisipoenda, nitazeeka nikipiga mihuri. Naogopa yote mawili sawasawa. Lakini nina mpango. Nitafute mtu wa kunikataza. Akishakataza, lawama zake.

Jumanne, 5 Machi
Nimemwendea mama, fundi cherehani, mkali wa matumizi. Nikaeleza kwa sauti ya msiba, nikasubiri kukaripiwa. Akanikumbatia! Akasema nenda mwanangu, atauza cherehani. Ile ile iliyonisomesha! Nilitaka kusema hapana, mdomo ukagoma.

Jumatano, 6 Machi
Mpango wa pili. Nimemleta nyumbani jamaa aliyesoma uzamili huohuo, siku hizi anatoa fotokopi. Mama akimwona tu, nilidhani, atashtuka. Jamaa kaongea saa nzima kuhusu haki na kifo, macho yanang'aa. Nilipombana kuhusu kazi, akakiri kwamba kuna asubuhi anajuta, ila angesoma tena. Sasa hilo ni jibu gani? Mama akamwongezea chai. Kisha akanijulisha kuwa mnunuzi anakuja Jumamosi. Nikajipakulia chakula.

Alhamisi, 7 Machi
Mheshimiwa, mwenzangu wa masijala (hana cheo, ni mwendo tu), ameshahamishia kikombe chake kwenye meza yangu ya dirishani. Ananipongeza mno! Kwa hasira nikamwambia siendi. Kisha nikaingia kwa bosi, nikamwambia naenda. Kwa hiyo nimeaga na sijaaga. Barua tatu nimezigonga muhuri kichwa chini miguu juu.

Ijumaa, 8 Machi
Saa kumi kasoro dakika kumi nimeandika: nakataa nafasi. Nikatuma. Nikakimbia nyumbani kumpa mama habari njema, kwamba cherehani imepona.

Hakuinua macho kwenye pindo. Akasema mnunuzi hakuwepo kabisa. Alitaka kuona kama nitamzuia au nitamshukuru. Siku tatu nikala chakula chake na kunyamaza. Akasema angeiuza kweli, tena kwa furaha, kama ningetamka neno moja tu: nataka.

Nimelia kama mtoto. Nilikuwa naitaka ile nafasi. Naitaka mpaka sasa.

Jumapili, 10 Machi
Nimebadilika! Mtu mpya! Kuna chuo kingine bado kinapokea maombi. Ufadhili hakuna vilevile, lakini safari hii sitetereki. Fomu nimejaza yote, isipokuwa pale wanapouliza kwa nini unataka kusoma. Hapo nimepaacha wazi. Nimeiweka karibu na mama, ajaze atakavyoona yeye.