Kuhusu Duka la Magodoro Lililoota Kati ya Mpiga Picha na Kinyozi

Kwako Ndugu Meneja wa Duka la Michezo ya Mtandaoni,

Natumai barua hii itakukuta ukiwa umelala vizuri. Kama hukulala vizuri, haiwezi kuwa kwa kukosa godoro.

Mimi ni mkutubi mstaafu na mteja wenu kwa miaka miwili na miezi mitatu. Nilinunua kwenu mchezo mmoja tu, ule wa kujenga mji, na sina nia ya kununua mwingine. Humo ndani naitwa Miwani, jina nililopewa shuleni. Dada yangu mkubwa, fundi wa cherehani ambaye macho yake siku hizi yamekataa sindano, anajiita Bi Mkasi. Yeye anaishi nchi moja, mimi nchi nyingine, na zote mbili si kwetu. Mji wetu mchezoni ni mmoja. Umeandikishwa kwa jina langu, lakini tunaujenga wawili.

Tena si mji, ni mtaa. Ni mtaa tulimozaliwa, ambao tuliambiwa tuuhame asubuhi moja miaka hamsini na tisa iliyopita, na hadi jioni haukuwa na ukuta uliosimama. Tumeurudisha nyumba baada ya nyumba: kinyozi na viti vyake viwili, kimoja hakizunguki, mpiga picha na pazia lake lililochorwa maporomoko ya maji, bomba la mtaa, nyumba yetu na mlango wake wa buluu uliokuwa ukivimba wakati wa mvua hadi usukumwe kwa bega. Tuna sharti moja. Hakijengwi kitu mpaka wote wawili tukubaliane kwamba kilikuwapo. Ngazi za kinyozi tulizibishania wiki tatu, dada akisema zilikuwa tatu, mimi nikisema nne. Nilishinda, kwa kuwa ya nne ndiyo iliyoning'oa jino.

Kati ya mpiga picha na kinyozi tumeacha kiwanja. Dada anasema palikuwa na nyumba ya mtu mwenye mbwa. Mimi nasema palikuwa na ghala. Aliyebaki wa kutuamulia hayupo. Basi tumepaacha na majani yake, na kila siku saa kumi tukiingia mchezoni tunafika hapo tunasimama kidogo, mmoja anauliza, "Umekumbuka?" na mwingine anajibu, "Bado." Kisha tunaendelea na kazi.

Tarehe tatu ya mwezi huu mlitangaza ushirikiano wenu na Kampuni ya Magodoro. Tangu hapo nimekusanya malalamiko yafuatayo, na nimeyapa namba ili usije ukasema umepotea njiani.

1. Tangazo lenyewe. "Cheza kwa raha, lala kwa raha, sote ni familia moja!" Nimelisoma mara nne nikitafuta maana, kama mtu anayetafuta nyama kwenye mchuzi wa msibani. Familia yangu naijua. Tumebaki wawili. Sikumbuki siku mliyozaliwa nyinyi.

2. Duka. Siku hiyo niliingia nikakuta, juu ya kiwanja kile, duka la magodoro la ghorofa mbili. Linawaka taa mchana. Linaimba. Juu ya paa yuko kondoo aliyevaa kofia ya kulalia, na kila baada ya dakika tano kondoo huyo hushuka kutembeza biashara mtaani. Juzi nimemkuta sebuleni kwa marehemu mama yetu, amesimama penye kiti chake, anatabasamu. Ndugu Meneja, mama yetu alimvulisha viatu hata daktari aliyekuja kumtibu.

Maelezo yenu yanasema zawadi hiyo ya duka huwekwa "penye nafasi isiyotumika." Mimi nina mapengo sita mdomoni. Je, nitarajie kuamka siku moja nikiwa nimepachikwa tangazo la dawa ya meno? Kiwanja kile kilikuwa kinatumika. Tulikuwa tunakisubiri.

3. Kibao. Hili ndilo linalonifanya niandike, mengine ningeyameza. Mlangoni mwa duka mmebandika: "LIMEJENGWA KWA HIARI YA MIWANI." Nilipofika, dada alikuwa ameshafika, kikaragosi chake kimesimama mbele ya kibao hicho, mikono kiunoni. Akaniandikia: "Kumbe! Sharti tumeliweka wawili, umelivunja peke yako. Msomi mzima, umenunuliwa kwa godoro!" Nikamwambia si mimi. Akasema, "Na jina hili nalo limejiandika? Limepata kalamu wapi?" Akatoka. Leo ni siku ya ishirini na tatu hajaingia, na simu zangu hapokei.

Hapa nakuomba uweke kicheko pembeni. Dada yangu ana miaka themanini na mmoja. Mimi nina sabini na sita. Vijana wakinuniana mwezi mzima, huo ni mwezi tu. Sisi hatuna miezi ya kununiana. Na katika dunia hii yote, yeye ndiye mtu pekee ambaye nikimwambia "sukuma kwa bega" anajua ni mlango gani.

4. Wateja wenzangu. Nilijipa moyo kwamba sipo peke yangu, nikafungua ukurasa wa maoni. Maoni yalikuwa elfu tisa. Nilifurahi; nilidhani nimekuta jeshi. Nilichokuta ni foleni.

Mmoja ameandika: "Nawahama leo leo, mmeniudhi sana! Ila naulizia, lile la futi sita linatoka lini?" Mwingine: "Mimi na nyinyi basi. Siandiki tena hapa." Chini yake ameandika tena mara kumi na moja, na mara ya mwisho anauliza kama kondoo anaweza kupatikana kwa rangi ya waridi. Wa tatu amewapa nyota moja kati ya tano kwa sababu duka limemfikia jirani yake kabla yake. Huyo hachukii duka, anamchukia jirani, na nyinyi mmempa mahali pa kusemea. Kuna mama mmoja mwenye hasira ya kweli, aliyeandika kwamba duka limefunika bustani aliyoilima miezi mitano, watu arobaini wakamjibu, "Shosti, zawadi hiyo, pokea," na wa arobaini na moja akamwambia, "Kama hutaki godoro, lalia mkeka, tuache sisi."

Nami nikatoa maoni yangu, aya nne, kwa adabu, nikieleza habari ya kiwanja chetu. Jibu la kwanza lilisema: "Babu, fupisha." La pili: "Mzee ameshusha gazeti zima." La tatu lilitoka kwa mtu anayejiita Komandoo, naye alikuwa mpole: "Pole sana babu, nimeisoma yote. Sasa kama hukitaki hicho kiwanja, unaweza kunigawia?"

Nimefanya kazi maktaba miaka thelathini na minne. Nimeona watu wakichana kurasa, wakifungia karanga, wakichora masharubu kwenye picha za watu mashuhuri. Sikuwahi kuona umati uliokasirika kiasi hiki huku umenyoosha mikono kiasi hiki. Mmewafahamu wateja wenu vizuri kuliko wanavyojifahamu. Sikusifu.

5. Majibu yenu. Nilituma barua ya kwanza kwa njia ya mtandao, nikieleza kwamba mmenigombanisha na dada yangu. Baada ya sekunde mbili nikajibiwa: "Tumefurahi kwamba umefurahi!" na picha ya moyo. Nikaandika ya pili, fupi: "Sikufurahi." Nikajibiwa: "Asante kwa kuendelea kufurahi nasi!" Ya tatu niliandika neno moja ambalo sitalirudia hapa, na hilo lilinipatia punguzo la bei kwenye mito.

6. Kampuni ya Magodoro. Nimewaandikia nao. Wamejibu kwa heshima kwamba wao huuza magodoro na hawana habari za mtaa wowote, na kwamba anayepanga duka likae wapi ni nyinyi. Nyinyi kwenye maelezo yenu mnasema anayepanga ni mteja. Mteja ni mimi, na mimi nalala sebuleni kwenye kochi. Kwa hiyo duka lile limejengwa na mtu asiyekuwapo, kwa idhini isiyotolewa, kwa faida ya watu wasiolijua, na mwenye hatia kisheria ni Miwani.

Kwa sababu hizo naomba yafuatayo. Kwanza, barua rasmi yenye mhuri na sahihi, iandikwe kwa dada yangu, ikisema kwa lugha nyepesi kwamba si mdogo wake aliyejenga. Pili, duka libomolewe, na majani yarudishwe yakiwa na urefu uleule, nitawapa vipimo. Tatu, kwa kuwa haki ya mmoja ni haki ya wote, yabomolewe na maduka ya magodoro katika miji yote ya wateja wenu, wakiwemo wasiotaka yabomolewe, maana hao ndio wagonjwa zaidi. Nne, wewe mwenyewe, Ndugu Meneja, pamoja na mkuu wa Kampuni ya Magodoro, muingie mchezoni saa kumi kamili, msimame mbele ya mpiga picha mkiwa mmemshika kondoo, mmoja huku na mmoja huku, na mungoje hapo mpaka dada yangu atakapoingia. Ikichukua mwaka, mngoje mwaka. Mna magodoro.

Nisalimie watu wote wa ofisini kwako: wahasibu, walinzi, anayefagia, na kijana aliyechora kondoo, ambaye ana kipaji na ndiyo maana inauma. Isalimie pia mashine inayojibu barua. Najua itafurahi.

Wako, akiwa macho,
Mkutubi Mstaafu (mchezoni Miwani)

Tanbihi: Nilikuwa natafuta bahasha dada alipopiga simu. Hakunisalimu. Alisema, "Mdogo wangu, nilibonyeza mimi. Waliniuliza kama naipokea zawadi, nikapokea." Nikamuuliza, na kibao je? Akasema aliliona jina langu, akaona afadhali liwe langu kuliko lake; kisha aibu ikamzuia kupokea simu siku ishirini na tatu. Nikamuuliza kwa nini basi alibonyeza. Akasema, "Nilichoka kujibu 'bado' kila siku. Nilitaka siku moja tupite pale pakiwa na kitu."

Kwa hiyo nayafuta malalamiko yote, isipokuwa la nne, ambalo ni kweli. Maombi nayo yafute. Barua naituma hivi hivi kwa sababu nimeshaiandika kwa kalamu, na sahihi yangu imetoka vizuri.

Ila nimeona kwenye tangazo lenu kwamba ofa inakwisha Ijumaa, na kwamba maduka yote yataondolewa siku hiyo. Tafadhali, letu mjifanye mmelisahau. Tumekubaliana, sote wawili, kwamba lilikuwapo. Dada ameshapanga magodoro ya dirishani, na kesho ni zamu yangu ya kukaa dukani. Anauliza kama mnaweza kutuletea ya vitanda vidogo. Anasema mtaa ule ulikuwa na watoto wengi.