Ruhusa Ninazo, wa Kunipokea Sina

Kwa Afisa Utumishi,
Kiwanda cha Mablanketi.

Ndugu Afisa Utumishi,

YAH: LIKIZO NILIZOPEWA KWA MAANDISHI NA AFISA ALIYEKUTANGULIA, AMBAZO SIJAENDA HATA MOJA

Sikuamkii, kwa sababu kwa umri wewe ni mwanangu. Utaniamkia ukinijibu. Mimi ni mke wa yule mzee aliyekalia kiti chako miaka ishirini na sita kabla yako, yule ambaye wafanyakazi walimwita Bwana Sababu kwa kuwa hakuna aliyeingia ofisini kwake akatoka bila kuulizwa, "Sababu?" Barua hii naitamka mimi, na anayeiandika ni mkwe wangu, mke wa mwanangu wa tatu. Shule sikuingia. Nimemkataza kupamba maneno, na akipamba nitajua, maana kalamu itachelewa kuliko mdomo wangu.

Huenda umesikia kuwa mzee anaumwa. Ni ugonjwa wa kusahau. Muuguzi wa kliniki alinieleza nikaelewa: akili inafumuka kama blanketi, inaanzia pindoni. Mambo ya jana yanatoka kwanza, ya zamani yanabaki katikati. Basi mimi mkewe nimeshafumuka. Kiwanda chenu bado kiko imara. Mzee anaamini sebule yetu ni ofisi, na mimi ni mfanyakazi wake. Aliniajiri lini sijui, usaili sikuitwa, lakini kila asubuhi ananikuta kazini na wala hashangai.

Kwa kuwa aliyekosea ni afisa wenu, namletea malalamiko mrithi wake.

1. Kwamba nimefukuzwa kazi mara nyingi bila kufuata utaratibu. Kila ikifika saa kumi alasiri mzee huchafuka. Atatoka mlangoni aende dirishani, arudi mlangoni, atikise kitasa, aulize nani kaficha funguo za kabati la mafaili. Mwanzoni nilikuwa namwambia ukweli: "Mume wangu, ulistaafu miaka kumi na mitatu iliyopita." Hapo ndipo aliponifukuza mara ya kwanza. Mara ya pili kikombe kilipita karibu na sikio langu. Katika miaka hamsini na moja ya ndoa mtu huyu hajawahi kuninyanyulia hata sauti, kwa hiyo nilijua kikombe kile hakukirusha yeye. Kilirushwa na hofu.

Nikaenda kwa muuguzi nikamwambia, mwanangu, nimeshindwa. Akasema, "Bibi, usibishane naye. Ukweli wako hautamtuliza. Hachafuki bure, tafuta sababu." Nikacheka mpaka wagonjwa wakageuka. Sababu! Kwa Bwana Sababu!

Nilitafuta. Nilikuta lebo ya shati inamkwaruza shingo naye hawezi kusema ni nini kinachomwuma, nikaikata. Nikakuta siku nyingine ni kiu, siku nyingine ni haja ndogo na choo kimempotea. Nikauacha mlango wa choo wazi ili akione. Nikakuta jua la alasiri linapita kwenye pazia na vivuli vinatembea ukutani, naye anaona watu wameingia bila kubisha hodi; nikanunua pazia zito, nikawa nawasha taa mapema. Redio nikaizima, maana sauti za watu asiowaona zilimtia wazimu. Kuchafuka kukapungua. Lakini saa kumi ilibaki kuwa saa kumi.

2. Kwamba nimegeuzwa mwongo, nami nilikuwa mtu wa kweli. Chanzo ni jirani yetu fundi bomba. Alikuja kutengeneza bomba la jikoni siku mzee amechafuka vibaya, na alipomaliza alisimama mlangoni akaaga kwa adabu zake: "Mzee, naomba ruhusa." Loo! Mzee akanyooka kama aliyepigiwa saluti. Akaketi mezani, akavaa miwani, akauliza, "Sababu?" Fundi akababaika, akasema ana mgonjwa nyumbani. Mzee akachukua kalenda ya zamani, akaandika nyuma yake, akatia sahihi, akampa siku mbili na akamtakia mgonjwa nafuu. Kisha akatulia mpaka chakula cha jioni.

Hapo ndipo nilipojua. Saa kumi, huko kiwandani, watu walikuwa wanapanga foleni mlangoni kwake kuomba ruhusa. Miaka ishirini na sita saa kumi ilimkuta anahitajika. Sasa saa kumi inafika na mlango hauna mtu. Mtu aliyezoea kuombwa, asipoombwa huona ametupwa.

Tangu siku hiyo foleni ni mimi. Nabisha hodi sebuleni kwangu mwenyewe nikiwa nimejifunga khanga vizuri, naomba ruhusa. Sharti iwe na sababu mpya, kwani sababu ya jana haipiti. Nimemzika bibi yangu mara nne. Nimemzika mama mkwe, ambaye ni mama yake mzazi, akanipa pole na siku tatu. Nimeomba ruhusa ya uzazi nina miaka sabini na miwili. Alinitazama juu ya miwani akasema, "Hongera, mama. Lakini huyu awe wa mwisho."

3. Kwamba ruhusa hizo hazitekelezwi, na hili ndilo lalamiko lenyewe. Ninazo ruhusa mia mbili na kumi na nne. Zote zina tarehe na sahihi, sahihi ileile uliyoikuta kwenye mafaili yako. Mkwe amejumlisha siku zote, akajumlisha tena, akasema ni miaka minne na nusu. Na mimi nipo kazini mwaka wa tatu huu bila kutoka hata kwenda kumwona mdogo wangu, ambaye anakaa mtaa wa pili.

Najua utasema, bibi, si uende? Niende wapi? Mzee mwenyewe alinifundisha kanuni ya kiwanda tulipokuwa vijana: mtu wa zamu haachi mashine mpaka wa kumpokea afike. Mimi ni mtu wa kanuni. Wa kunipokea nilizaa watano, na ripoti yao ni hii:

Wa kwanza ana mikutano. Wa pili anaishi kwenye simu, anapiga, anataka awekwe karibu na sikio la baba yake, kisha anauliza, "Baba, mimi nani?" Baba hajui, anaona aibu, anachafuka, na yeye anakata simu akiwa amemaliza kumwuguza. Nimemwambia, mwanangu, baba yako si mtahiniwa. Jitaje jina, mpe habari, basi. Wa tatu husema, "Mama akichoka atasema." Hapa mkwe amesita kuandika. Nimemwambia andika, mumeo nilimzaa mimi kabla hajakuoa wewe. Haya, wa tatu, nimechoka, na nimesema. Wa nne hutuma salamu za pole. Wa tano ni binti. Huyo huja kweli, lakini akimwona baba yake hulia, nami humbembeleza, kwa hiyo siku anayokuja nakuwa na wagonjwa wawili.

Sisemi hawampendi baba yao. Wanampenda. Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na kanda langu wanangu wanalitazama kwa mbali wakisifu jinsi lilivyo jepesi.

4. Kwamba mwezi uliopita kazi ilinishinda. Ilikuwa mchana. Nilisimama jikoni nakoroga uji, nikalala. Sikuketi, nililala wima kama punda. Nilizinduliwa na harufu ya kuungua, na mlango wa mbele ulikuwa wazi. Nilimtafuta kwa saa mbili nikiwa na mwiko mkononi. Kumbe alikuwa amefika kwenye geti lenu na ndara miguuni, anamuuliza mlinzi kwa nini kengele imechelewa. Mlinzi huyo mpandishe cheo. Hakumkemea, hakumcheka, hakumwambia amestaafu. Alimwamkia, akamletea kiti, akamwambia, "Mzee, kaa hapa tuisubiri pamoja." Mtu yule hajasomea uuguzi.

Baada ya hapo wanangu wakafanya kikao. Kikao kilikuwa cha simu na kilichukua dakika ishirini. Wakaamua mambo mawili: mzee afungiwe chumbani kwa nje, na daktari aombwe dawa ya kumlaza mchana kutwa. Wamenipa mpaka mwisho wa mwezi huu nikubali. Nimewauliza, aliyelala jikoni ni nani? Ni mimi. Sasa anafungiwaje yeye? Muuguzi naye amesema mtu akifungiwa huchafuka zaidi, na dawa za kulaza huwaangusha wazee wakavunjika nyonga. Akasema si za kuanzia, na mwenye kuhitaji dawa ya usingizi hapa ni bibi, na dawa yenyewe ni mtu wa kumpokea. Wanangu wakasema muuguzi hajui hali yetu ya nyumbani. Yeye amefika mara sita. Wao, mkwe anasema nisitaje idadi.

5. Kwa hayo yote, naomba Ofisi yako ifanye yafuatayo, kwa moyo mkunjufu na kabla ya mwisho wa mwezi:

Kwanza, izitambue ruhusa zangu mia mbili na kumi na nne kuwa halali.

Pili, iwaandikie wanangu watano barua tano, kila moja na muhuri, kuwaita zamu ya wiki moja moja. Akimaliza wa tano inarudi kwa wa kwanza. Mimi nitakuwepo kuwaonyesha choo, pazia na namna ya kubisha hodi. Mama yao hawamwogopi lakini muhuri wanauogopa. Nimewalea mwenyewe, nawajua.

Tatu, atakayekosa zamu apewe onyo. Onyo la tatu, aachishwe utoto, na nafasi yake itangazwe. Fundi bomba ana sifa zote na ameshaonyesha uwezo.

Nne, yeyote atakayeuliza "mimi nani?" apewe jibu kwa maandishi.

Tano, ikiwa hayo yote yatashindikana, basi kiwanda kiifute saa kumi. Mkitoka saa tisa mwende moja kwa moja saa kumi na moja. Ninyi mna kengele, mnaweza. Sisi huku mtaani tutafuata.

Mshahara sitaki, wala usiutaje. Nataka kulala mchana mmoja nikijua mtu mwingine ameshika mwiko.

Nisalimie mlinzi wa getini kabla ya mtu mwingine yeyote. Nisalimie mama wa chai kama bado yupo, na wafumaji wote wa zamu ya asubuhi na ya jioni. Waambie walioomba ruhusa kwa uongo enzi za mzee nimewasamehe, sasa najua ugumu wa kutunga. Nawe nisalimie mkeo, umsaidie kazi ungali unamkumbuka jina.

Ni mimi niliye zamu,
Mke wa Bwana Sababu
(dole gumba, la kushoto, la kulia lina jeraha la mwiko)

Tanbihi: Barua hii ilikaa mezani ikisubiri bahasha. Ikafika saa kumi. Nilipobisha hodi kuomba ruhusa ya siku, nilimkuta mzee ameishika, anaisoma. Aliisoma mpaka mwisho akarudia mwanzo, na hakuuliza sababu. Kisha akachukua kalamu akaandika pembeni, hapo unapopaona. Mkwe alinisomea sauti ikimkatika, nikamwambia soma vizuri. Imeandikwa hivi: "Mwombaji namfahamu. Ni mke wangu. Kanuni hairuhusu afisa kuajiri mkewe. Aachishwe kazi leo hii, apelekwe nyumbani akapumzike. Nitampeleka mwenyewe."

Akavaa koti. Akanishika mkono, tukatoka mlango wa mbele, tukaizunguka nyumba taratibu, tukaingia mlango wa nyuma. Akasema, "Tumefika, mke wangu. Pole na kazi."

Kwa hiyo madai yangu ya likizo nayafuta yote. Mimi si mfanyakazi wa mtu, na safari hii sikati rufaa. Ila zile barua tano za watoto zipige muhuri uzitume upesi, maana kesho asubuhi atakuwa ameniajiri tena.