Vita vya Everett Lindqvist na Birika la Bibi Wanda

Leteni karatasi ya Shamu na wino wa zafarani, leteni na mkeka kwa wenye magoti mabovu, kwa maana leo hatusimulii habari za mfalme aliyeteka miji wala za fumo aliyeua simba kwa mikono mitupu. Hizo mmezisikia hadi zimewakinai. Leo twasimulia jinsi mtu mmoja alivyohamisha birika la kahawa. Wenye mioyo myepesi na watoke sasa, mlango u wazi.

Alikuwepo Everett Lindqvist, mhandisi, mwana wa Worcester, Mpindua Skrubu, Simba wa Nyaya, aliyevaa shati jeupe la mikono mifupi hata theluji ilipofika magotini. Ilikuwa miaka ile ya mwanzo wa sabini, zama ambazo kompyuta moja ilijaza chumba kizima na haikujua kwamba duniani kuna kompyuta nyingine. Kampuni yake ya kule Boston ilijifunga kibwebwe kuzifundisha kusalimiana. Iliunda sanduku la kijivu, kubwa kama jokofu la bucha, ambalo kazi yake ilikuwa kuukatakata ujumbe vipande vipande na kuvisukuma katika waya wa simu, ili huko viendako sanduku mwenzake aviunge tena. Wenye hekima wa nchi walicheka hadi wakashika mbavu. "Simu si ipo?" walisema. "Mtu akitaka kuongea na California, si apige?"

Sanduku moja likapelekwa Cleveland, katika chuo kikuu ambacho hatutakitaja, maana wajukuu wa maprofesa wake wangali hai na wana mawakili. Siku ya kulizindua watu walikula keki, wakanywa kahawa, wakatoa hotuba, na katikati ya hotuba mawasiliano yakakata roho. Everett akatumwa. Akafungua sanduku, akapima, akafunga, hakuona ubovu. Alipopanda ndege kurudi kwao, mawasiliano yakafufuka. Akaitwa tena, na alipoketi tu, yakafa tena. Ikawa hivyo majira yote ya baridi: shujaa akija, waya wazimia, shujaa akienda zake, waya waimba.

Watu wakaanza kumwangalia kama paka mweusi. Mkuu wa idara, Profesa Harlan Overstreet, Bahari ya Elimu Isiyo na Ufuko, yeye alikwisha kupata jibu bila kulikaribia sanduku. Alikuwa ameandika kitabu kizima cha hisabati kuthibitisha kwamba vipande vya ujumbe huchoka safarini, kama ngamia. Nadharia ilikuwa nzuri mno. Ilikosa jambo moja tu, nalo ni ukweli.

Katika jengo lile mtu mmoja pekee alimpokea Everett kwa uso mkunjufu. Huyo ni Bibi Wanda Kosiak, karani wa idara, mjane wa Kipolandi wa mtaa wa Fleet, aliyetawala maprofesa wote kwa kope za macho. Siku za kawaida aliwachemshia kahawa katika kijibirika kinyonge. Lakini siku ya sherehe, au akija Everett, alitoa birika kubwa la umeme aliloazima parokiani kwake, birika la shaba lenye kutosha matanga ya watu wa kata nzima. Mgeni ni mgeni.

Basi ikafika siku ya kuamkia hukumu. Kesho yake kanali kutoka Washington, ambaye neno lake lilikuwa uhai na mauti ya mradi, angekuja kuona Cleveland ikisema na California. Bosi wa Boston alikuwa amempigia Everett asubuhi na kumweleza kwa upole wa mnyongaji: mawasiliano yakifa kesho, sanduku linang'olewa, na wewe unarudi kwenye kazi yako ya zamani, kuunda saa za mashine za kufulia nguo. Shujaa aliyakumbuka matanki yale ya sabuni.

Alasiri akaketi na simu sikioni. Upande wa pili, California, alikuwa Rudy Escalante, mhandisi mwenzake, aliyeuchungulia waya kutoka kule.

"Rudy, unaiona mashine yangu?"

"Kaka, hiyo ni maiti. Naisalimia tangu saa ile, haijibu hata kwa kiburi."

Mlango ukafunguka, Bibi Wanda akaingia na kikombe kinachofuka moshi. "Weka hiyo simu unywe. Umekonda kama fito! Mama yako akikuona atasema Ohio tunakula mawe."

"Asante, Bibi Wanda. Dakika moja tu."

"Ngoja!" Rudy alipiga ukelele. "Imefufuka! Umefanya nini?"

"Sijafanya kitu. Nimepokea kikombe."

"Basi kirudishe, ukipokee tena!"

Everett akakitazama kikombe. "Bibi Wanda," akasema, "birika umelifanyaje sasa hivi?"

"Nimelizima. Kahawa imeiva, niendelee kuchemsha nini, mifupa?"

"Hebu liwashe tena. Tafadhali."

"Na hicho hujakionja!" Lakini akaenda chumba cha pili, akalichomeka ukutani. Taa za darini zikafinya macho mara moja, kama mtu aliyekanyagwa kidole.

"Maiti," akasema Rudy.

Naam, wasikilizaji, adui alikuwa kahawa. Birika lile la shaba lilipochemka lilifyonza umeme wa ukuta ule wote, na kisanduku kingine kidogo kinachogeuza maneno ya kompyuta yawe mlio wa simu, kilichochomekwa upande wa pili wa ukuta uleule, kilizimia kwa njaa. Lilichemka siku ya uzinduzi. Lilichemka kila alipokuja Everett, kwa heshima yake. Na kesho lingechemka kwa heshima ya kanali.

Kuligundua hilo hakukuwa ushujaa. Wako watu waliovuka milima ya barafu na wengine walioingia tundu la chatu. Lakini ni nani kati yao aliyewahi kumwambia mjane wa Kipolandi kwamba kahawa yake inaua? Everett alisimama mlangoni, akasema kwa sauti ya mtoto aliyevunja dirisha: "Bibi Wanda, ni birika."

Bibi akaelewa upesi, na uso wake ukakunjamana. "Kwa hiyo ni mimi," akasema. "Miaka yote hii nawachemshia hawa mabwana kahawa, hakuna anayeniambia asante. Wewe ndiye wa kwanza kusema. Nikasema, huyu kalelewa, huyu nimtolee kubwa. Kumbe nakuchimbia kaburi."

"Si wewe, Bibi. Ni ukuta."

"Usinibembeleze."

Hapo Profesa Overstreet akaingia, na alipoelezwa akawa mwekundu hadi masikioni. "Bwana Lindqvist! Nimeandika kitabu! Unataka kesho nikamwambie kanali kwamba hisabati yangu yote ni kahawa?"

"Si yote, Profesa. Ile inayohusu waya tu."

"Upuuzi! Vipande vimechoka! Birika libaki palepale, na kesho nitamthibitishia kanali uchovu huo mbele ya macho yake!"

"Na huyu kijana afukuzwe kazi?" akauliza Bibi Wanda.

"Sayansi ina kafara zake."

Bibi akamgeukia taratibu. "Harlan," akasema, na hakuna aliyewahi kumsikia akimwita hivyo, "nyamaza." Kisha akamwambia Everett, "Unangoja nini? Libebe. Shika chini, mpini wake umelegea."

Mwana wa Worcester akalikumbatia lile jabali la shaba, limejaa hadi shingoni, linanguruma kama volkano iliyotukanwa. Joto likapenya shati, likamuuma kifua, lakini hakurudi nyuma. Akapita meza ya karani, akapita ofisi ya Profesa, akakata kona ya ngazi, Bibi Wanda akimtangulia na vikombe na kufukuza wanafunzi kama mpiga mbiu wa sultani: "Pisheni! Pisheni, mtaungua!" Mwisho wa ukumbi kulikuwa na ukuta mwingine wenye umeme wake. Akalitua mezani. Bibi akachomeka. Everett akakimbia kurudi kwenye simu.

"Rudy?"

Kimya. Kimya kirefu cha kutosha mtu kuziona mashine za kufulia zimepangwa mbele yake, safu kwa safu.

"Samahani, nilikuwa natafuna," akasema Rudy. "Uko hai, kaka. Uko hai kabisa."

Kesho yake kanali akaja. Cleveland ikaandika, "Habari za asubuhi." California ikajibu, "Huku bado giza." Kanali akainama, akasoma, akanyooka. "Ni hivyo tu?"

"Ni hivyo tu, bwana," akasema Everett.

"Hm. Na hiyo kahawa inayonukia iko wapi?"

Akaongozwa ukumbini, na huko akakaa hadi adhuhuri, akila keki ya Bibi Wanda yenye mbegu za mpopi na kumuuliza inavyopikwa. Mradi ukapita. Profesa akaandika katika taarifa yake kwamba ushindi ulitokana na nadharia yake, baada ya "mpangilio mpya wa mizigo ya nguvu". Boston ikampongeza Everett kwa kumtuma mahali pengine palipoharibika.

Kabla hajaondoka, Bibi Wanda alimjazia kikombe palepale ukumbini. "Bado nimekasirika," alimwambia. "Kunywa."

Akanywa, na hakuna divai ya ushindi iliyowahi kuwa tamu hivyo.

Basi andikeni, enyi waandishi wa nyakati, tena kwa herufi kubwa: mwaka ambao wenziwe walitembea juu ya mwezi, Everett Lindqvist aliuvuka ukumbi mzima akiwa na birika la moto kifuani, hakuanguka, hakulia, wala hakumwaga ila kidogo, na hicho kidogo, kwa bahati ambayo hakuiombea radhi kamwe, kilimwagika katika viatu vya Profesa.